Kutoka Kipande hadi Laini ya Simu: Nani Hushika Rekodi ya Kazi Yako?

Mbona pesa imeingia pungufu? Kwa wateja wetu wa Londiani, Kipkelion na Kericho wanaofanya vibarua kwa wakandarasi, hilo ndilo swali linalotujia sana mwisho wa wiki. Umefanya siku 12 kwa 700, umejihesabia 8,400, halafu ujumbe unaingia umeandikwa 7,200. Unampigia nyapara, anakwambia ni system. Unapiga ofisini, simu haishikwi. Unatupigia sisi, na upande wetu tunaona kitu kimoja tu: kampuni ilituagiza tulipe 7,200, tukalipa 7,200. Zile siku 12 hazimo kwenye mitambo yetu. Hazijawahi kuwemo.

Watu wengi hudhani kwamba pesa ikishaanza kupita kwa simu, basi kila kitu kimeandikwa mahali. Ukweli ni kwamba kuna rekodi mbili: ya kazi na ya malipo. Simu inakupa ya malipo. Ile ya kazi, kwa zaidi ya miaka mia moja huku kwetu, imekaa mkononi mwa kontrakta, na kila teknolojia iliyoingia kazini imeibadilisha sura bila kuihamisha sana. Tukifuata hiyo historia kidogo utaona ile 1,200 inapotelea wapi, na unaweza kufanya nini.

Chuma kilichokuja na alama

Londiani imezoea makontrakta tangu mwanzo. Reli ya Uganda ilipita hapa ikielekea ziwani, ikafika Kisumu, wakati huo ikiitwa Port Florence, mnamo Desemba 1901. Ukitoka Mau Summit ukiteremka kuelekea Fort Ternan, nchi ni mabonde na makorongo tupu, na reli ilihitaji madaraja marefu ya chuma 27 ili kuyavuka. Kazi hiyo ilipewa kampuni ya Marekani, American Bridge Company, kwa kuwa kampuni za Uingereza zilitaka pesa zaidi na muda mrefu zaidi. Jambo hilo halikuwafurahisha wengi kule London, reli ya mfalme wao kujengewa madaraja na Wamarekani.

Vyuma vilikatwa na kutobolewa Marekani, kila kipande kikiwa na alama yake, vikaletwa kwa meli hadi Mombasa, kisha vikapandishwa kwa reli ileile iliyokuwa bado inajengwa. Huku juu kazi ilikuwa ni kuunganisha: hiki kinaingia hapa, kile pale, piga ribiti, songa mbele. Wasimamizi Wamarekani walikuwa wachache. Mikono mingi ilikuwa ya wafanyakazi kutoka India. Kwa wakati ule hakukuwa na teknolojia ya juu zaidi katika ujenzi. Kampuni hiyo bado ipo hadi leo, ila ribiti zimeachia nafasi bolti na kuchomelea, na michoro imehamia kwenye kompyuta.

Watu nao walikuja kwa kandarasi. Reli ilileta wafanyakazi kama 32,000 kutoka India, na A. M. Jeevanjee, huyo wa bustani ya Jeevanjee pale Nairobi, alikuwa miongoni mwa wakandarasi waliotafuta watu na kuwapelekea vyakula. Karibu 2,500 walikufa kabla kazi haijakwisha. Sasa angalia tofauti. Pau la chuma lilikuwa na alama ambayo yeyote mwenye mchoro aliweza kuisoma, hapa au Marekani. Siku za kazi za mtu zilikuwa kwenye daftari la karani, na karani ndiye aliyelifungua na kulifunga.

Kipande shingoni

Reli ilipokwisha, Londiani ikawa mlango wa kwenda Uasin Gishu. Kabla ya reli nyingine kufika Eldoret mwaka 1924, mizigo mingi ya huko ilishukia hapa ikavutwa na magari ya ng'ombe kwenye matope. Mashamba ya walowezi yakaongezeka, na miaka hiyohiyo ya 1920 kampuni za Brooke Bond na James Finlay zikaanza chai kwa ukubwa upande wa Kericho. Wote hao walitaka watu wa kazi, na serikali ya kikoloni ikawatengenezea chombo cha kuwafuatilia.

Sheria ya kuandikisha wafanyakazi ilitungwa mwaka 1915 na ikaanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Kila mwanaume Mwafrika wa miaka 16 kwenda juu alipaswa kubeba kipande: karatasi yenye alama za vidole vyake, jina la mwajiri, mshahara, siku aliyoanza na siku aliyoachishwa. Karatasi iliwekwa ndani ya kikopo cha chuma, kikafungwa kamba, kikaning'inia shingoni. Mwajiri asipoandika kwamba amekuachilia, kupata kazi kwingine ilikuwa taabu, na ukikutwa umeondoka bila ruhusa ni polisi.

Pembeni kulikuwa na tikiti ya siku 30. Ukifanya siku, inatiwa alama. Siku isiyotiwa alama haikuwepo, hata kama mgongo wako unaikumbuka vizuri. Zikitimia 30 ndipo unalipwa, na 30 hizo zingeweza kuchukua zaidi ya mwezi mmoja wa kalenda.

Kipande kilifutwa mwishoni mwa miaka ya 1940, lakini jina halikutoka. Wazee wetu bado huita kitambulisho kipande. Sisi tunaokaa na takwimu za malipo kutwa nzima huwa tunakirudia hicho kikopo, kwa sababu kinaonyesha kitu ambacho ni rahisi kusahau. Mfanyakazi alitembea na rekodi yake usiku na mchana, na bado haikuwa yake. Kalamu ilikuwa ya mtu mwingine.

Mzani, bahasha, benki

Kwenye chai hesabu ilihama kutoka siku hadi kilo. Mzani wa kuning'iniza una sindano, sindano hutikisika, na karani husoma pale anapoona imetulia. Ukibishana, foleni nzima nyuma yako inakuzomea. Mzani wa elektroniki ulipoingia kwenye vituo vya kununulia majani chai ya wakulima wadogo wa KTDA, ulikuja na kitu ambacho kwa maoni yetu ni kikubwa kuliko hata usahihi wa uzito: karatasi ndogo inayochapwa palepale, yenye tarehe na kilo, ambayo mkulima anaondoka nayo. Mkulima wa chai akipata malipo ya mwezi, na baadaye bonasi, ana cha kulinganisha. Anazo rekodi zote mbili. Kwa hivyo inawezekana. Ni kwamba kibarua wa mkandarasi hajawahi kupewa hiyo karatasi.

Na teknolojia haiji na tabasamu kila mara. Mei 2023 mashine kadhaa za kuchuma chai ziliteketezwa Kericho katika maandamano ya watu waliosema zinawanyang'anya kazi. Hilo ni jambo kubwa na lina wasemaji wake. Sisi tutaje tu upande wa hesabu: mashine inayoshikwa na watu wawili hutoa kilo za watu wawili, na lazima mtu aamue nani apate ngapi. Uamuzi huo ukikaa kichwani mwa msimamizi tu, basi tumerudi kwenye tikiti ya siku 30.

Kwa kazi za barabara, mjengo, mbao na nguzo za stima, malipo kwa miaka mingi yalikuwa bahasha ya kaki. Kila mtu anazijua shida zake. Pesa nyingi ndani ya gari moja, siku moja inayojulikana na kila mtu, barabara moja ya msituni. Lakini bahasha ilikuwa na jambo moja zuri ambalo watu hawalisemi: ulilipwa ukiwa umesimama mbele ya mlipaji. Ukihesabu ukakuta pungufu, ulimuuliza palepale na wenzako wakisikia. Benki ilipokuja iliondoa hatari ya majambazi, ikaleta nauli ya kwenda mjini na foleni ya ATM, na ikamwondoa mlipaji mbele yako. Simu imemwondoa kabisa.

Simu ilibadilisha nini

M-Pesa ilizinduliwa Kenya tarehe 6 Machi 2007. Majaribio yake ya mwanzo yalilenga watu kulipia mikopo midogo. Wateja wenyewe ndio waliogundua kwamba wanataka kutuma pesa nyumbani. Wakandarasi walikuja baadaye kidogo, na sababu yao inaeleweka. Kikosi cha kusimamisha nguzo leo kiko Kedowa, kesho Sorget, keshokutwa Chepseon. Kukifuata na bahasha ni gharama. Mwaka 2020, corona ilipoingia, Benki Kuu ilifanya utumaji wa hadi shilingi 1,000 uwe bure kuanzia Machi hadi mwisho wa mwaka, na watu wengi waliokuwa bado wanashikilia noti wakazoea.

Hivi ndivyo malipo ya pamoja yanavyofanyika, maana ukijua utaacha kuamini neno "system". Karani wa kampuni anatengeneza faili. Ndani yake kuna namba ya simu, jina, na kiasi. Anaipakia, mkubwa wake anaidhinisha, mitambo inatuma kwa watu wote kwa mpigo. Basi. Hakuna mahali pa kuandika siku, wala pa kuandika makato. Kiasi kinachotufikia tayari kimeshakatwa kilichokatwa. Mitambo haijui kupunguza 1,200 kwa hasira zake. Ukiona pungufu, kuna mtu aliandika 7,200 kabla faili haijafika kwetu.

Isipokuwa mambo mawili ambayo hutokea upande wa laini yako. Moja ni mkopo wa kujazia salio. Kama ulikuwa umekopa kupitia huduma ya aina hiyo, mshahara ukiingia deni linajilipa lenyewe kabla hujagusa pesa. Soma ujumbe mbili, si mmoja: wa kupokea na wa kukatwa. La pili ni laini yenyewe kuwa ya mtu mwingine. Bado tunaona watu wanalipwa kwa laini ya shemeji, ya jirani, au ya nyapara mwenyewe "kwa sababu yangu haina mtandao kule msituni". Laini ikiwa imesajiliwa kwa kitambulisho cha mtu mwingine, pesa hiyo mbele ya mitambo ni yake, na historia ya malipo ni yake pia. Sajili laini kwa kitambulisho chako, hata kama simu yenyewe ni kabambe.

La nyapara tulikazie. Kuna wakandarasi wanaomtumia nyapara pesa za kikosi kizima, naye anagawa kwa simu yake. Ujumbe wako utaonyesha jina la nyapara, sio la kampuni. Leo unaona ni sawa tu, pesa ni pesa. Siku mnapokosana na kampuni, huna hata ujumbe mmoja unaoonyesha kwamba ilishawahi kukulipa. Omba ulipwe moja kwa moja kutoka kwa kampuni, jina lake litokee.

Sheria inakufikia wapi

Sheria ya Ajira ilipitishwa mwaka uleule wa M-Pesa, 2007. Ilivyoandikwa, kifungu cha 17 kinataja kulipwa kwa pesa taslimu, benki, cheki na hundi ya posta, simu haikutajwa. Lakini kinasema mshahara wote ulipwe kwa mfanyakazi mwenyewe, na mtu mwingine apokee kwa niaba yako tu ikiwa hupo na umemruhusu kwa maandishi. Kifungu cha 19 kinataja makato yanayoruhusiwa, na kinasema yote kwa jumla yasizidi theluthi mbili ya mshahara.

Kisha kuna kifungu cha 20, na hapa ndipo vibarua wengi hushtuka. Kinamlazimisha mwajiri kukupa karatasi ya maelezo ya mshahara, yenye makato. Halafu kinawaacha nje vibarua, wanaolipwa kwa kipimo cha kazi, na walioajiriwa kwa muda usiozidi miezi 6. Yaani watu wanaoihitaji hiyo karatasi kuliko wote ndio hawadai kwa sheria hiyo. Sisi tunaona hilo ni pengo, na halifungwi na programu yoyote ya simu.

Kuna mlango mwingine lakini. Kifungu cha 37 kinasema kibarua akifanya kazi mfululizo kwa siku zinazofika mwezi mmoja au zaidi, au akifanya kazi ambayo kwa kawaida haiwezi kwisha ndani ya miezi 3, anahesabiwa kama mfanyakazi wa mwezi, mwenye haki ya kupewa notisi. Hapa ndipo rekodi ya malipo inapokuwa na kazi kubwa. Taarifa ya akaunti yako ya simu, yenye jina la kampuni kila wiki kuanzia Februari hadi Juni, inaonyesha mfululizo. Haisemi ulifanya siku ngapi, ila inafanya iwe vigumu kwa mtu kusema hakujui.

Na geti likiwa na mashine ya kusoma kidole au uso, kuna sheria ya karibuni zaidi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kujua na kuona taarifa zako zinazoshikiliwa na mtu mwingine, na alama ya kidole imo. Mahudhurio yako kwenye mashine hiyo ni taarifa zako. Unaweza kuyaomba. (Mtu aliyeshika nyundo na saruji miaka kumi kidole chake huchubuka hadi mashine inakikataa, asubuhi ikikataa, mwambie msimamizi palepale aandike jina lako kwa mkono, usipite tu.)

Hiyo 1,200

Basi turudi kwa siku 12. Njia tunayowapendekezea wateja ni rahisi na haihitaji simu kubwa. Kila Ijumaa jioni, mtumie nyapara au karani ujumbe wa kawaida: "Wiki hii nimefanya siku 6, Jumatatu hadi Jumamosi nikihesabu kesho, pale Kedowa, 700 kwa siku. Nimechukua advansi 500 Jumatano." Usingoje jibu. Ujumbe una tarehe na saa, na namba ya uliyemtumia. Asipokataa wakati huo, atapata shida kukataa miezi 3 baadaye. Ukichukua gambuti au jembe la kampuni, andika pia, na bei uliyoambiwa. Usizifute hizo jumbe kwa kutafuta nafasi ya picha, na mara moja kwa mwezi zinakili kwenye daftari, maana simu huibiwa na huanguka kwenye maji.

Pesa ikiingia pungufu, usimuulize karani "mbona kidogo?" Muulize: "Umeniandikia siku ngapi, na umekata nini?" Ni maswali mawili yenye majibu ya namba. Katika mfano wetu jibu linaweza kuwa siku 12, advansi 500, gambuti 700. Hapo 1,200 imepatikana, na kama kweli ulichukua gambuti, shauri limeisha. Jibu likiwa siku 10 na advansi 500, haitoshi. 8,400 kutoa siku 2 na 500 ni 6,500, na wewe umepata 7,200. Hesabu isiyofungana ni dalili kwamba mtu anabahatisha, na una sababu ya kuomba kuona daftari.

Msipoelewana, peleka jumbe zako na taarifa ya akaunti kwa ofisa wa kazi wa kaunti, na usikae sana. Madai ya mshahara yana muda wa miaka 3. Kama shauri linafika mahakamani na mwajiri hana mkataba wa maandishi aliopaswa kuwa nao, kifungu cha 10 kinamtwika yeye mzigo wa kuthibitisha masharti ya kazi.

Nasi ukitupigia, uwe na namba ya muamala iliyo kwenye ujumbe, tarehe, na kitambulisho ulichosajilia laini. Hatutakuuliza namba ya siri. Anayekuuliza si sisi. Tunaweza kukwambia nani alituma, lini, kiasi gani, na kama kuna deni lililojikata. Taarifa ya miezi 6 iliyopita unaweza kuiomba mwenyewe kwenye simu, na ukitaka ya nyuma zaidi, tuambie kuanzia mwezi gani.